Siku za Kuzaliwa Redioni: Wanamuziki Wetu na Kalenda ya Amani

Maneno haya yalisemwa mjini Kindu, mbele ya familia za wakimbizi wa ndani, familia zinazowapokea, na viongozi wao.

Nasimama mbele yenu kama mtoto wenu. Kazi ya shirika hunipeleka kila juma katika nyumba zilizopokea wageni, hapa Kasuku, kule Mikelenge, na ng'ambo ya mto Alunguli. Leo sikuja na orodha ya mablanketi wala ya masufuria. Nimekuja na neno kuhusu redio, muziki na siku za kuzaliwa.

Najua mtu anaweza kuuliza moyoni: sisi tumeacha mashamba, tumezika watu njiani, na huyu anatuletea habari za sikukuu za wanamuziki? Swali hilo ni la haki. Naomba mnivumilie nilijibu polepole.

Kalenda yetu inahesabu nini?

Ukimuuliza mama aliyekimbia, "Mwanao alizaliwa lini?", mara nyingi atajibu: "Mwezi ule waliochoma kijiji." Mwingine atasema: "Nilikuwa na mimba yake tulipovuka mto." Wazee wa hapa Kindu nao wanahesabu kabla ya Oktoba 1998 na baada yake, kwa sababu ndipo mji ulipotekwa na waasi wa RCD. Ndugu zetu wa Kivu wanahesabu Goma ilivyotekwa mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari uliofuata.

Hivyo vita imechukua nyumba zetu, kisha ikachukua na kalenda. Imejiandikia siku zake mpaka hata watoto tunawahesabu kwa jina lake.

Chukueni siku moja tu, tarehe 27 Januari. Kwa mtu wa Goma, hiyo ni siku ambayo wapiganaji wa M23 waliingia mjini mwaka 2025. Lakini tarehe hiyohiyo mwaka 1756, katika mji wa Salzburg, alizaliwa mtoto aliyeitwa Mozart, mmoja wa watunzi wakubwa wa muziki wa Ulaya. Kila mwaka siku hiyo ikifika, redio nyingi ulimwenguni hupiga muziki wake, na watangazaji hueleza maisha yake. Sisemi haya ili mtu wa Goma asahau. Hakuna wimbo unaofuta kaburi. Nasema kwamba siku moja inaweza kubeba kilio na kubeba uzazi pia, na ni juu yetu kuamua kama tutaiachia vita siku yote nzima.

Desturi hii ya redio ni rahisi. Mtangazaji anasema: siku kama ya leo, mwaka fulani, mahali fulani, alizaliwa fulani. Anasimulia maisha yake kwa dakika mbili au tatu, kisha anapiga wimbo wake. Basi. Lakini angalieni inavyofanya kazi. Redio inaingia ndani ya kibanda cha mkimbizi na ndani ya nyumba ya mwenyeji kwa dakika ileile. Mnajua ugomvi unaotokea siku ya kugawa msaada: huyu ana jetoni, yule hana, mgeni amepata maharagwe, mwenye nyumba amebaki akitazama. Wimbo hauna jetoni. Aliye na mawe ya redio anafungua sauti, na jirani asiye na redio anasikia akiwa uani kwake.

Mtoto wa Kindu aliyeheshimiwa ugenini

Nianze na mtu wetu wenyewe. Mwaka 1947 upande huu wa Kindu alizaliwa mtoto aliyeitwa Ramadhani Mtoro Ongala. Baba yake alikuwa mpiga ngoma. Mtoto huyo alifiwa na wazazi wake angali mdogo, akajifunza kazi ya muziki katika bendi za hapa Congo, na mwaka 1978 akafika Dar es Salaam, nchini Tanzania, kupiga na kundi la Orchestra Makassy. Baadaye akawa kiongozi wa Orchestra Matimila. Watanzania walimwita Dokta Remmy.

Hebu fikirini. Mtu wa Maniema, mgeni, aliimba kwa Kiswahili juu ya maskini, juu ya kifo, juu ya haki ya mnyonge, na wenyeji wakamsikiliza kama wa kwao. Wimbo wake wa kuwaonya watu juu ya UKIMWI ulikuwa wazi mno hata redio ya serikali ikakataa kuupiga, lakini watu waliuimba. Alipiga muziki wake mpaka Ulaya. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, na hadi leo kuna mahali katika mji ule panapoitwa Sinza kwa Remmy. Mgeni ameacha jina lake kwenye kituo cha basi cha wenyeji.

Ninyi mliopokelewa Kindu, mkisikia habari hii redioni mtajua kwamba mtu wa huku pia alipata kuwa mgeni wa watu. Nanyi wenyeji wa Kindu mtakumbuka kwamba mtoto wenu alipewa nafasi ugenini, akazaa matunda. Hakuna semina ya siku tatu inayoweza kusema neno hilo vizuri kuliko wimbo wake mmoja ukitanguliwa na dakika mbili za maelezo.

Waliozaliwa katika shida

Tuendelee na kalenda. Tarehe 6 Julai 1938, huko Sona Bata, alizaliwa Luambo Makiadi, tunayemwita Franco. Alifiwa na baba angali mtoto. Mama yake aliuza mikate sokoni Kinshasa, na mtoto alikaa karibu na meza akipiga gita alilojitengenezea kwa kopo na nyaya, ili kuvuta wateja. Mwaka 1956 alikuwa mmoja wa walioanzisha OK Jazz, na watu wakamwita mwalimu mkubwa wa gita. Vijana wetu wanaotengeneza vitu kwa makopo kambini wamsikie Franco siku ya 6 Julai, na waambiwe alianzia wapi.

Siku inayofuata, tarehe 7 Julai, ni ya Nicolas Kasanda, Docteur Nico, aliyezaliwa mwaka 1939 huko Mikalayi, Kasai. Mmoja alitoka Congo ya Chini, mwingine Kasai, na mashabiki wao walishindana miaka mingi nani anajua gita zaidi. Ushindani ule ulileta nyimbo. Laiti mashindano yote ya nchi yetu yangeishia kwenye nyuzi.

Tarehe 9 Novemba 1954 alizaliwa Abeti Masikini huko Kisangani, chini yetu kwenye mto huuhuu. Baba yake, Jean-Pierre Finant, alikuwa rais wa kwanza wa jimbo la Orientale na rafiki wa Lumumba. Aliuawa Bakwanga mwezi wa Februari 1961, na binti alikuwa na miaka sita tu. Mtoto huyo, ambaye siasa ilimfanya yatima, aliimba Olympia ya Paris mwaka 1973, na mwaka uliofuata aliimba katika jumba la Carnegie Hall, New York. Wamama mnaolea yatima wa vita, mkisikia sauti ya Abeti, waambieni watoto habari hii.

Na Papa Wemba je? Alizaliwa tarehe 14 Juni 1949 huko Lubefu, Sankuru, kwa jirani zetu wa magharibi. Ndugu zetu Wakusu wanasikilizana na Watetela bila mkalimani. Mama yake alikuwa akiitwa kwenye matanga kuimba vilio vya wafu. Mtoto alimfuata, na huko matangani akajifunza kupandisha sauti. Sauti iliyochezesha Kinshasa, Paris na Tokyo ilifunzwa kwenye kilio. Hili ndilo jibu langu kwa yule aliyeuliza kama mtu mwenye msiba anaweza kusikia muziki. Kwetu muziki na msiba havikuwa maadui kamwe. Mkesha wa matanga una nyimbo zake.

Muziki unaovuka mto na mpaka

Mwezi wa Desemba una siku mbili zinazofuatana ambazo mtangazaji hodari hataziacha. Tarehe 16 Desemba 1930, huko Matadi, alizaliwa Joseph Kabasele, Grand Kallé. Mwaka 1960, viongozi wetu wakiwa Bruxelles katika mkutano wa Meza ya Mviringo, yeye na wenzake wa African Jazz walikuwa huko pia, wakaimba wimbo wa uhuru ambao Afrika nzima iliucheza. Ndani ya wimbo ule waliwataja viongozi wa vyama mbalimbali pamoja, watu ambao baadaye walitengana vibaya. Kwa dakika tatu walikaa kwenye wimbo mmoja.

Siku ya pili yake, tarehe 17 Desemba, mwaka 1770, katika mji wa Bonn nchini Ujerumani, alibatizwa mtoto Ludwig van Beethoven. Huyo aliendelea kutunga muziki hata baada ya masikio yake kuziba. Msifikiri muziki wake ni wa Wazungu peke yao. Mjini Kinshasa, mwaka 1994, Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha orkesta ya Wakimbangu. Mwanzoni walikuwa na fidla chache, wakazipokezana: huyu anajifunza, mwenzake anangoja zamu. Uzi ukikatika walitumia waya wa breki ya baiskeli. Sisi wa Maniema tunaijua baiskeli, inatubebea mihogo, mafuta na wagonjwa. Kumbe inaweza kubeba hata Beethoven. Wakongomani hao, wengi wao watu wa kazi za kawaida mchana, waliimba na kupiga Simfonia ya Tisa, ambayo mwisho wake kwaya inaimba juu ya furaha na udugu wa watu wote.

Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliingiza rumba ya Congo katika orodha ya urithi wa binadamu. Ombi lililetwa na nchi mbili pamoja, yetu na ile ya Brazzaville ng'ambo ya mto. Hakuna upande uliosema: rumba ni yangu peke yangu.

Lakini tuangalie vizuri

Muziki na redio ni kama kisu cha jikoni: kinakata mboga, na mtu mbaya anaweza kukishika. Hatuna haja ya kwenda mbali. Rwanda mwaka 1994, redio RTLM ilipiga nyimbo za mwimbaji Simon Bikindi katikati ya maneno ya chuki. Tarehe 2 Desemba 2008 mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu miaka 15 gerezani kwa maneno aliyosema kwa kipaza sauti huko Gisenyi, akichochea watu kuua. Kwa hiyo viongozi wa redio na wa kamati tukubaliane juu ya mambo machache.

Kwanza, majina yachanganywe. Ukitoa siku kwa mtu wa magharibi, toa na kwa mtu wa mashariki, usisahau wanawake, usisahau nyimbo za Kiswahili za Katanga, kama za Mwenda Jean-Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930, ambaye gita lake lilisikika mpaka Kenya. Mtangazaji aseme mahali mtu alipozaliwa, na asiongeze maneno ya kusifu kabila moja au kudharau lingine.

Pili, tuchague rekodi. Kuna nyimbo zilizojaa mabanga, yaani majina ya wakubwa waliolipa ili watajwe. Wengine kati yao ni watu wa siasa au wa bunduki. Mtu aliyefiwa asilazimishwe kusikia jina la aliyemuumiza katikati ya rumba.

Tatu, tarehe ihakikishwe. Penye mwaka tu, kama kwa Dokta Remmy, semeni mwaka tu. Redio ikidanganya kwa jambo dogo, haitasadikiwa siku ya jambo kubwa, kama habari ya njia iliyo salama.

Nne, siku ya kumbukumbu ya mauaji, waulizeni kwanza wenye msiba. Wakitaka kimya, iwe kimya. Wakitaka nyimbo za kilio, iwe hivyo. Sikukuu ya mwanamuziki inaweza kungoja kesho yake.

Tano, msiwangoje wenye majina makubwa peke yao. Maniema ina Walega, Wakusu, Wasongola, Wabangubangu, Wakumu, Wazimba, Wagenya na wengine. Na kati ya wakimbizi mnao wapiga ngoma, wapiga likembe na wamama wa kwaya. Mzee wa Kigenya anajua nyimbo za makasia ambazo hazijawahi kuingia kwenye studio. Aitwe akiwa hai. Aulizwe alizaliwa wapi, nani alimfundisha, kisha apige. Tukisema "tango ya ba Wendo" tunamaanisha zamani sana, lakini Wendo Kolosoy, aliyezaliwa tarehe 25 Aprili 1925 huko Mushie, alipitisha miaka mingi akiwa amesahauliwa kabla ya kukumbukwa uzeeni. Tusingoje hivyo kwa wetu.

Siku ya mtoto wako iandikwe

Sasa nafika kwenye neno ambalo sitaki mrudi nyumbani bila kulishika. Kwa nini redio inaweza kusema Franco alizaliwa tarehe 6 Julai? Kwa sababu tarehe ilihifadhiwa. Siku yenyewe ya kuzaliwa ya Beethoven haikuandikwa. Tunakumbuka ubatizo kwa sababu padri aliuandika kitabuni, na bila kitabu kile hata hiyo tusingekuwa nayo.

Watoto wetu waliozaliwa njiani, msituni, au kwenye darasa la shule tulimolala, siku yao imeandikwa wapi? Sheria ya nchi yetu namba 09/001 ya 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inasema kila mtoto aandikishwe katika muda wa siku 90 tangu kuzaliwa, na kumwandikisha ni bure. Siku hizo zikipita njia inakuwa ndefu, kwa maana inabidi kupita mahakamani. Mtoto asiye na cheti anapata taabu kwenye mtihani wa serikali, anapata taabu kuthibitisha yeye ni raia wa wapi, na kijana mdogo akikamatwa anaweza kuhesabiwa mtu mzima. Katika nchi ambamo watu wameuana kwa kuulizana "wewe ni wa wapi?", karatasi hiyo ni ulinzi.

Basi nashauri hivi. Kila redio ikisherehekea siku ya mwanamuziki, baada ya wimbo mtangazaji aseme maneno mawili: "Na wewe mzazi, siku ya mtoto wako imeandikwa?" Aeleze ofisi ya komini inayoandikisha vizazi iko wapi na inafunguliwa lini. Viongozi wa kamati, wekeni daftari. Mtoto akizaliwa katika familia ya wakimbizi, andikeni siku hiyohiyo jina, tarehe, mahali, na jina la mkunga. Daftari halichukui nafasi ya cheti, lakini linamsaidia mzazi kusema ukweli mbele ya ofisa. Tunzeni pia kadi ya chanjo na kadi ya ubatizo. Ninyi wenyeji mnaoijua komini, wasindikizeni wageni wenu. Kumsindikiza mtu ofisini ni kazi ya amani kama kazi nyingine.

Kuhusu nani atakuja kuwa mwanamuziki mkubwa, hakuna ajuaye. Mama wa Franco aliuza mikate, na hakujua anamlea nani. Pengine katika vibanda hivi amelala mtoto ambaye redio ya Kindu itamtangaza miaka hamsini ijayo. Akitangazwa, isisemwe alizaliwa "wakati wa vita". Isemwe siku yake.

Maswali ya kuzungumza katika kamati zenu

1. Katika kijiji tulichotoka na katika mji uliotupokea, ni wanamuziki gani wanaokumbukwa na watu wote? Nani anajua siku yao ya kuzaliwa?

2. Ni nyimbo zipi ambazo zinaumiza baadhi ya majirani zetu? Tumewahi kuwauliza?

3. Ni watoto wangapi katika mtaa wetu wamezaliwa tangu tulipofika hapa, na wangapi wameandikishwa?

4. Nani kati yetu atakwenda kuzungumza na redio, na nani atakwenda komini?

Wazee wakiniruhusu, ninakaa ili nisikie majibu yenu.